Kasa Ufukweni, Kasa Wavuni: La Kufanya na la Kuacha

Hakuna askari awezaye kumlinda kasa. Mnyama huyu huchukua miaka 20 hadi 40 kukomaa, hula nyasi za bahari katika maji ya nchi moja na kwenda kutaga kwenye mchanga wa nchi nyingine, na sehemu kubwa ya maisha yake hupita mahali pasipofika boti ya doria. Duvi waliovishwa vibati vya namba kwenye fukwe za KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, katika mradi ulioanza mwaka 1963, wamekutwa hadi katika maji ya Tanzania. Njia yote hiyo, wanaomwona kasa kwa macho yao ni wavuvi, akina mama wanaochokoa pweza maji yakitoka, wapiga mbizi, watembeza wageni na wafanyakazi wa hoteli za ufukweni. Kupona kwake au kufa kwake mara nyingi huamuliwa na mmoja wao, kwa dakika chache, ofisi ya uvuvi ikiwa mbali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na unashikilia hoja moja: raia humfaa kasa zaidi kwa kutoa taarifa mapema na kuuzuia mkono wake kuliko kwa kumbeba, na juhudi yake ina uzito mkubwa zaidi pale anaponaswa kasa mkubwa kuliko pale vifaranga wanapopendeza kupigwa picha.

Kwa nini tuanze na kasa mkubwa

Maji ya Afrika Mashariki yana kasa wa aina tano: kasa wa kijani, ambaye wavuvi wengi humwita kasa tu, ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka, duvi, mwenye kichwa kikubwa, kigome, aliye mdogo kuliko wenzake, na noa, asiye na gamba gumu bali ngozi nene mgongoni. Wanaotaga Tanzania ni kasa wa kijani na ng'amba, na Kenya kigome naye hupanda ufukweni. Jike hutaga mayai yapatayo mia moja kwa mkupuo, hurudia mara kadhaa katika msimu, kisha hukaa miaka miwili au zaidi kabla ya kutaga tena. Inakadiriwa kwamba katika mayai elfu moja huenda akatoka mmoja tu atakayefikia umri wa kuzaa.

Wengi wakisikia hesabu hiyo husema: basi kazi yote iko kwenye mayai. Jibu hilo ni la haraka. Jike aliyekomaa ndiye yule mmoja aliyesalia katika elfu, na ana miaka mingi ya kutaga mbele yake. Akifa wavuni, kiota kimoja kilicholindwa vizuri hakizibi pengo lake. Mwaka 1987 wanaikolojia wa Marekani Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walichapisha uchambuzi wa duvi wa kusini-mashariki mwa nchi hiyo, wakaonyesha kwamba hata kama lisingepotea yai wala kifaranga hata mmoja, idadi ingeendelea kushuka iwapo kasa wakubwa na wale wanaokaribia kukomaa wangezidi kufa baharini. Uchambuzi huo uliipa nguvu hoja ya kuziwekea nyavu za kukokota kamba kifaa cha kumtoa kasa. Kwa msomaji wa pwani, somo lake ni kwamba sherehe ya kuwaachia vifaranga baharini, kwa uzuri wake wote, haiwezi kuwa mwanzo wala mwisho wa ulinzi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia wavuni.

Kasa aliyenaswa

Jarife, yaani nyavu za macho makubwa zinazotegwa kwa ajili ya papa na taa, hunasa kasa kwa urahisi kwa kuwa huachwa majini muda mrefu, mara nyingi usiku kucha. Kasa huvuta hewa kwa mapafu kama sisi, na akizuiwa chini hufa maji. Ikiwa wewe ni mtegaji, kagua wavu wako mara nyingi kadiri uwezavyo, na usitege mbele ya ufuko wa kutagia wakati wa msimu, maana majike huzunguka karibu na nchi wakisubiri usiku wa kupanda. Ukimkuta amenaswa, kata nyuzi chache zinazombana badala ya kumvuta kwa kasia lake, kwa sababu kiungo cha bega huteguka. Mpandishe chomboni kwa kulishika gamba, mbele nyuma ya shingo na nyuma juu ya mkia, na umweke kwa tumbo. Usimgeuze chali, kwani matumbo na uzito wake huyabana mapafu.

Kasa asiyetikisika si lazima awe amekufa. Anaweza kuwa amezimia, na akipewa muda hurudiwa na uhai. Mweke kwa tumbo, sehemu ya nyuma ikiwa juu kuliko kichwa kwa kiasi cha sentimita 15 au zaidi kidogo ili maji yatoke mapafuni, mfunike kwa kitambaa kibichi bila kuziba pua, umkinge na jua, na umpe saa 4 hadi 24. Usimsukume kifua kwa miguu wala kumpiga. Akianza kusogea na kuinua kichwa kuvuta hewa, mrudishe majini taratibu, injini ikiwa haisukumi, mbali na nyavu zako na za wenzako. Ikiwa amemeza ndoana, usiuvute mshipi, maana ndoana itapasua koo. Mshipi ulio nje uache na umpeleke au uwaite wenye ujuzi. Kasa anayeelea na kushindwa kuzama naye usimsukume arudi kilindini, kwani kuelea huko ni dalili ya ugonjwa au gesi tumboni, mara nyingi kwa kumeza plastiki.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi kubwa la wavuvi: nikitoa taarifa, si nitakamatwa? Hofu hiyo ina msingi. Kenya inamlinda kasa kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania Bara kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009. Kumuua, kumuuza au kumiliki sehemu zake ni kosa. Lakini anayejiweka hatarini zaidi ni yule anayeficha, kwa sababu nyama iliyofichwa haina maelezo. Mpigie mapema kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani, au afisa uvuvi wa eneo lako. Zanzibar, sheha naye ni mlango wa kuanzia. Mwite mwenzako awe shahidi, na kama simu yako ina kamera, piga picha kasa akiachiwa. Hayo matatu yanasaidia kutenganisha bahati mbaya na uwindaji.

Kwamba njia hii inafanya kazi, ushahidi uko Watamu. Tangu mwaka 1998 shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza kwa jina la Watamu Turtle Watch, limekuwa likiitwa na wavuvi kila kasa anaponaswa. Wahudumu huja, humpima, humvisha kibati, humtibu akiwa mgonjwa, kisha humwachia ndani ya hifadhi ya bahari. Uachiaji wa namna hiyo umeshapita mara 20,000. Mvuvi hupewa kifuta jasho kwa muda wake na gharama ya simu, kiasi kisichofikia thamani ya nyama sokoni. Wapo wanaouliza: malipo hayatawafanya watu wamtege kasa makusudi? Jibu limo katika kiwango chenyewe. Kifuta jasho kikiwa kikubwa kuliko hasara ya mvuvi, kitazaa biashara. Kikiwa sawa na usumbufu wake, kitazaa ushirikiano. Wanaosema kwamba raia mwema hapaswi kulipwa kitu nao wajiulize ni nani anayebeba mzigo: kasa ni wa dunia nzima, lakini wavu uliokatwa ni wa mtu mmoja.

Kiota na vifaranga

Alama za jike aliyepanda kutaga huonekana asubuhi mapema: njia mbili pana za makasia, moja ya kupanda na moja ya kushuka, zikiishia kwenye mchanga uliotifuliwa juu ya mstari wa maji. Ukiziona, usichomeke kijiti kutafuta mayai na usifukue kuhakikisha. Kariri mahali kwa kitu kisichohama, kama mnazi au kona ya ukuta, na utoe taarifa siku hiyo hiyo. Ukikutana na jike mwenyewe usiku, zima tochi, keti chini nyuma yake na mbali, na usimpige picha kwa mwanga. Jike anayeshtuliwa kabla ya kuanza kutaga hugeuka akarudi baharini.

Kwa nini tusiyachukue mayai tukayatunza nyumbani au kwenye boma la ulinzi, ambako kenge, mbwa na wezi hawafiki? Pingamizi hili lina huruma nyingi, lakini linagongana na umbile la yai. Saa chache baada ya kutagwa, kiini cha kasa hujishikiza kwenye ngozi ya ndani ya ganda; yai likigeuzwa baada ya hapo, hufa. Kwa hiyo kiota huhamishwa tu na mtu aliyefunzwa, mapema sana, na kwa sababu nzito, kwa mfano kama kimechimbwa mahali yatakapofika maji ya bamvua. Tena joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: karibu na nyuzijoto 29 hutoka madume na majike, joto likizidi majike huwa wengi, likipungua madume huwa wengi. Anayehamisha kiota kutoka kivulini kwenda juani anaweza kubadilisha kizazi kizima bila kujua. Na kuwalea vifaranga hadi wakue kabla ya kuwaachia nako kulijaribiwa: Marekani ililea kasa wa Kemp kuanzia mwaka 1978, na katika miaka ya 1990 jaribio likasimamishwa kwa kuwa faida yake haikuthibitika. Kiota kilichoachwa mahali pake, kikiwa na mtu anayekipitia kila asubuhi, ndicho cha kutegemewa zaidi.

Mayai hukaa mchangani miezi miwili hivi. Vifaranga hutoka usiku na kufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa maelfu ya miaka ulikuwa upeo wa bahari. Leo huenda ukawa taa ya baa. Mwenye nyumba, hoteli au mgahawa wa ufukweni ana kazi tatu rahisi katika msimu: kuzima au kuziba taa zinazoelekea baharini, kuondoa vitanda vya jua na magogo kila jioni, na kufukia mashimo yaliyochimbwa na watoto. Akiwaona vifaranga wakielekea baharini, awaache watembee wenyewe. Kuwaweka ndooni ili wageni wawaone asubuhi ni kuwamalizia nguvu waliyotoka nayo kwenye yai, nguvu ambayo wangeitumia kuvuka maji ya karibu yenye samaki wengi wa kuwala. Na kabla jengo halijajengwa, raia ana sauti kubwa kuliko baada yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni, na tathmini ya athari kwa mazingira hutaka wananchi wasikilizwe. Hudhuria kikao hicho, uulize taa zitaelekea wapi.

Katika kisiwa cha Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1995, ulinzi wa viota umekaa mikononi mwa wanakijiji wenyewe tangu mwaka 2001, kupitia kazi iliyozaa shirika la Sea Sense. Aliyetoa taarifa ya kiota alipata malipo ya kwanza, na ya pili yalitegemea idadi ya vifaranga walioanguliwa. Mpango huo ulikuwa na akili: jirani aliyekuwa akichimba mayai alipata sababu ya kukilinda kiota hadi siku ya mwisho. Kijiji chako kikitaka kuanzisha utaratibu kama huo, malipo yafungwe na matokeo, orodha ya viota isomwe hadharani, na wapita ufukweni wachaguliwe na kijiji badala ya kuletwa na mradi.

Sahani na duka

Mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitali. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo ilikuwa imezika watu 7 kwa sababu ile ile, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka 3. Sumu hiyo inadhaniwa hutokana na vyakula ambavyo kasa huvila, kama mwani wenye sumu. Haionekani kwa macho, haina ladha ya kuonya, haiondoki kwa kupika, na haina dawa ya kuiua mwilini. Mama anayenyonyesha aliyekula anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa. Hata kasa aliyekutwa amekufa asiliwe. Mzike, baada ya kumpiga picha na kuandika namba ya kibati kama anacho.

Wazee wetu walikula, mbona hawakufa? Wengi hawakufa, ni kweli, na hapo ndipo penye mtego. Kasa mmoja huwa salama na mwingine hubeba mauti, na hakuna mpishi anayeweza kuwatofautisha. Mzazi anayemgawia mwanawe nyama hiyo anamchezesha kamari. Pingamizi la njaa ni zito zaidi, na halijibiwi kwa hotuba. Penye kitoweo cha shida, kumwambia mtu aache bila kumpa mbadala ni kumpa sababu ya kula kwa siri. Ndiyo maana kifuta jasho, ajira za kulinda viota na mapato ya wageni vinapaswa kumfikia yule aliyekuwa akila. Hoja ya imani nayo ina nafasi yake: kwenye kisiwa cha Misali, mwishoni mwa miaka ya 1990, viongozi wa dini waliingizwa katika kazi ya uhifadhi, na mafundisho ya Kiislamu kuhusu amana ya viumbe yakawafikia wavuvi kwa lugha waliyoiheshimu kuliko mabango ya serikali. Shehe na padri wa kijiji chako wana masikio ya watu ambao afisa uvuvi hawapati.

Magamba ya ng'amba ni biashara ya kale mno hapa pwani. Periplus, kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya kwanza, kinayataja miongoni mwa bidhaa zilizotoka bandari ya kale ya Rhapta. Leo aina zote za kasa zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Ukioneshwa pete, kitana au bangili ya ng'amba dukani, usinunue hata kwa nia ya kuiokoa isiuzwe kwa mwingine. Kila kinachonunuliwa huagizwa tena. Wageni nao wachague: Juani, Mafia, hutoa nafasi ya kutazama vifaranga wakitoka kiotani wenyewe, na sehemu ya ada huenda kijijini. Mabwawa ambamo watu huogelea na kuwalisha kasa waliofungiwa yanapaswa kuulizwa maswali kwanza: kasa hawa walitoka wapi, wana kibati, wanaachiwa lini, na nani anashuhudia? Mahali pasipojibu, usilipe.

Je, hatari haijapita?

Oktoba 2025 muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulimwondoa kasa wa kijani katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa idadi yake duniani imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Kuna watakaosema basi tupumzike. Lakini ongezeko hilo lilitokana na miongo ya kulinda fukwe, kupunguza uwindaji na kumtoa kasa wavuni, na wastani wa dunia huficha maeneo ambayo bado yanashuka. Ng'amba amebaki katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Habari hiyo inathibitisha kwamba kazi hii huzaa matunda, na aliyepanda mnazi hauachi siku unapotoa kidaka.

Wengine husema hii ni kazi ya serikali, inayolipwa mshahara. Serikali ina kazi yake, na raia anapaswa kuidai: kuwafikisha wauzaji mahakamani, kusimamia nyavu haramu, kulipa afisa uvuvi mwenye usafiri. Ila hata serikali yenye nia njema haiwezi kujua kilichotokea saa tisa usiku kwenye jarife la mtu mmoja mpaka huyo mtu aseme. Faida yenyewe pia si ya mbali. Kasa wa kijani hula nyasi za bahari ambamo tafi hukulia, na ng'amba hula sifongo wanaoshindana na matumbawe. Mvuvi anayewaachia anatunza eneo lake la kuvulia.

Basi anza na yale yaliyo ndani ya uwezo wako wiki hii. Weka kwenye simu namba ya kiongozi wa BMU na ya afisa uvuvi wa eneo lako. Kenya, ongeza ya ofisi ya shirika la wanyamapori, KWS, iliyo karibu. Waeleze mabaharia wa chombo chako namna ya kumlaza kasa aliyezimia. Zima taa inayotazama bahari. Kataa nyama, kataa gamba, na mweleze anayekupa kwa nini umekataa. Na siku utakapokutana na kasa, ikiwa amenaswa mtoe wavuni kwanza; vinginevyo toa taarifa, kisha subiri wenye ujuzi wafike.